Jua la Rusinga

Mtu aliyelelewa Keroka anajua nguo za shule zinavyokauka mwezi wa nane: hazikauki. Unazianika asubuhi, mvua ya mchana inazikuta kambani, jioni unazihamishia jikoni, na kesho yake unakaa darasani ukinuka moshi. Ndiyo maana likizo ya Agosti ikikaribia hatukuota Mombasa. Mombasa ilikuwa ya watoto wa wakubwa. Sisi tulikuwa na Rusinga, na Rusinga ilikuwa na jua.

Shangazi yetu alikuwa ameolewa huko, kwenye kisiwa hicho cha Ziwa Victoria. Alianza kwenda kama mchuuzi, akinunua omena (dagaa wa ziwani) za kuuza soko la Keroka, hadi safari moja akaenda asirudi. Wenyeji wakamwita Nyar Kisii, binti wa Kisii. Kijaluo chetu kiliishia kwenye salamu, wao nao Ekegusii hawakukijua, kwa hiyo boma zima lilizungumza nasi Kiswahili, hata bibi mkwe wake, ambaye nina hakika alikuwa akitunga nusu ya maneno yake papo hapo.

Tuliondoka alfajiri na mkungu wa ndizi na wimbi ndani ya kiondo, matatu ya kwanza hadi Kisii, ya pili kupitia Rongo hadi Homa Bay. Masweta yalianza kuvuliwa Rongo. Kutoka Homa Bay hadi Mbita barabara ilikuwa ya vumbi wakati huo, na tulishuka tukiwa na nyusi nyekundu. Siku hizi ni lami tupu, unafika ukiwa msafi kama ulivyotoka.

Likizo yenyewe ilikuwa kazi, ingawa hatukuiita hivyo. Agosti uvuvi wa omena huwa umefunguliwa baada ya marufuku ya Aprili hadi Julai, na mitumbwi ilikuwa ikirudi asubuhi imejaa. Wanawake waliingia majini hadi magotini na mabeseni yao, bei ikipatanwa kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Shangazi alitandaza nyavu kuukuu juu ya mawe, akamwaga omena, akazisambaza kwa viganja hadi isiwepo iliyolalia nyingine. Kazi yetu ilikuwa kufukuza kuku, yangeyange na mwewe. Jua likiwa kali, mchana omena zimeshakakamaa, ukizishika zinalia kwa ukavu. Mvua ikinyesha zinalegea na kunuka, na mnunuzi anazichukua kwa bei ya chakula cha kuku. Nimemwona shangazi akitazama wingu dogo upande wa kisiwa cha Mfangano kwa uso ambao mama aliuweka kwa ajili ya barua za karo. Huko niliona kwa mara ya kwanza kwamba jua ni mtaji.

Usiku usio na mwezi ziwa liligeuka mji. Wavuvi waliacha karabai zao zikielea juu ya vyelezo, moja baada ya nyingine hadi upeo wa macho, ili wadudu na omena wafuate mwanga. Mdogo wangu aliapa kwamba ile ni Kisumu. Karabai hizo zilikula mafuta ya taa mpaka mvuvi hakujua faida yake iko wapi. Taa za betri zinazochajiwa kwa sola zimezifukuza nyingi, na sioni mvuvi anayezililia.

Hofu ya mama ilikuwa malaria. Watoto wa nyanda za juu hawajaizoea, kwa hiyo alitupakia klorokwini kabla ya nguo. Miaka mingi baadaye nilipopita pale nikakuta paneli ndogo juu ya mapaa ya mabati, nyumba hadi nyumba. Watafiti wa ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu yenye kituo chake Mbita, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, walikuwa wameweka mitego ya mbu inayotoa harufu kama ya binadamu na kuendeshwa kwa umeme wa jua, katika nyumba zaidi ya 4,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: mbu wa aina inayoeneza sana malaria huko walipungua kwa takriban asilimia 70. Lakini ukimuuliza shangazi, atakusifia balbu na sehemu ya kuchajia simu vilivyokuja pamoja na mtego. Mbu anawataja mwishoni.

Anko, mumewe, alitupeleka kila mwaka kwenye kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, jengo lenye umbo la risasi, akatusimulia tena mauaji ya Julai 5, 1969, na jinsi mtu wa miaka 38 alivyorudishwa kisiwani ndani ya jeneza. Alitaja pia fuvu la nyani wa kale ambalo Mary Leakey alilipata Rusinga mwaka 1948, lenye umri wa takriban miaka milioni 18, lakini hapo tulikuwa tumeshaanza kuomba ruhusa ya kwenda kuoga ziwani. Kichocho hakuna aliyetutajia.

Kilichobadilika waziwazi zaidi ni kivuko. Enzi zetu kulikuwa na tuta la mawe na udongo lililojengwa miaka ya 1980 kati ya Mbita na kisiwa. Tulivuka kwa miguu, sawa, lakini maji hayakuvuka. Gugumaji lilipovamia ziwa miaka ya 1990, lilijazana hapo na kuoza, na harufu ikatupokea kabla ya wenyeji. Sasa kuna daraja, maji yanapita chini yake na mitumbwi pia. Watu wa rika langu hupenda kusikitikia vya zamani. Tuta lile mimi silisikitikii hata kidogo.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda kuliko ilivyowahi kupimwa, mawe ya shangazi yakamezwa, naye akahamia juu zaidi na kujengewa vichanja vya mbao na wavu. Omena zinakauka upesi na hazina mchanga. Vijana wangu wakienda wanataka kulala hotelini, wapige picha machweo, warudi Jumapili, kwani likizo ya Agosti nayo imefupishwa. Shangazi hawazuii. Anawapigia simu wakiwa Rongo, akiuliza ndizi ziko ngapi na gorogoro ya omena sasa ni bei gani Keroka, na akisikia bei hiyo anaanza kuwatukana wachuuzi, kana kwamba yeye hakuwahi kuwa mmoja wao.