Papa Daftari na vijana wanaosubiri kuitwa: Mkongomani wa Melbourne anavyopima wachezaji wa futiboli ya Australia

MELBOURNE – Kila mwaka katika mwezi wa kumi na moja, vijana wa Australia wenye miaka 18 hukaa mbele ya televisheni pamoja na wazazi wao wakingoja kusikia kama jina lao litaitwa. Wanaoitwa ni 60 na kitu kwa nchi nzima, mwaka mwingine wanafika 70. Wengine wote wanazima televisheni na kwenda kulala.

Hiyo ndiyo drafti. Wasomaji waliopitia Kigoma wasiichanganye na ile drafti ya vifuniko vya soda. Katika drafti hii mchezaji hachagui timu. Timu ndiyo humchagua mchezaji. Ligi kuu ya huko, AFL, ina timu 18, nazo hupangwa kwa mstari: iliyomaliza ya mwisho huchagua kwanza, bingwa huchagua nyuma. Mpango ulianza mwaka 1986, kusudi timu zenye pesa zisikusanye wazuri wote. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa Perth anaweza kuitwa na timu ya Brisbane, na muda mfupi baadaye anafunga mzigo kwenda kuishi zaidi ya kilomita 3,000 mbali na mama yake.

Mchezo wenyewe ni mgeni kwa mtu wa Fizi au wa Uvira. Uwanja una umbo la yai, mpira pia una umbo la yai. Kila upande una watu 18. Mpira unapigwa kwa mguu au kwa ngumi, kuutupa ni kosa. Kwenye kila goli kuna nguzo nne: kupitisha kati ya zile mbili ndefu ni pointi 6, kupitisha pembeni ni pointi 1. Ukiudaka mpira uliopigwa kwa mguu ukiwa umesafiri mita 15 au zaidi, mchezo unasimama kidogo na unapewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Mengine mtu anayajua akitazama mechi mbili.

Baba mmoja mzaliwa wa Fizi ametazama nyingi kuliko hizo mbili. Alipitia kambi ya Nyarugusu, akapokelewa Australia na familia yake, na sasa anakaa vitongoji vya magharibi ya Melbourne. Usiku anafanya kazi katika depo ya vyakula. Siku ya posho asubuhi, wakati wenzake wa zamu wamelala, yeye anakwenda viwanjani kutazama mechi za vijana wasiozidi miaka 18, ana daftari la shule na kalamu mbili kwa sababu ya mvua. Hakuna anayemlipa. Ni shabiki tu. Katika jamii ya Wakongomani wanamwita Papa Daftari, na ameomba jina lake la kweli lisiandikwe kwa kuwa anayoyasema yanahusu watoto wa watu.

Kazi ya namna hiyo inafanywa na watu wengi Australia. Mashabiki hupanga orodha zao, nani wa kwanza, nani wa kumi, na kugombana juu ya mtoto ambaye hajamaliza sekondari kama vile watu wanavyogombana juu ya bei ya ng'ombe. Papa Daftari hana orodha ya namba. Anasema namba ni kazi ya timu, ambazo zina madaktari na watu waliokwenda hadi nyumbani kwa kijana kuongea na wazazi. Shabiki hana hayo. Shabiki ana macho na siku ya posho.

Basi macho yaangalie nini? Kwake yeye, la kwanza ni lile linalotokea kabla mpira haujafika. Wengi wanafuata mpira. Yeye anamfuata kijana mmoja robo nzima ya mchezo, hata mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja. Anaandika: amegeuza kichwa mara ngapi kuangalia nyuma yake? Mwenzake akikimbia, yeye anajaza nafasi iliyoachwa au anasimama kutazama? Kijana anayejua tayari atampigia nani kabla hajaudaka mpira anaonekana kama ana muda mwingi kuliko wengine, ingawa saa ni ile ile. Kitu hicho hakipimwi kwa mashine.

La pili ni mguu mbovu. Kila kijana ana mguu mmoja mzuri. Wapinzani wakishajua, wanamfunga upande huo tu. Papa Daftari ana mstari wa kuhesabu mipira iliyopigwa kwa mguu wa pili, na pembeni anaandika kama ilikuwa kwa hiari au kwa kubanwa. La tatu ni dakika moja baada ya kosa. Kijana ameuangusha mpira, watu wamepiga kelele: anarudi mbio kumkamata aliyeuchukua, au anainua mikono kumlalamikia mwamuzi?

Halafu kuna jambo la mwili, ambalo linawadanganya mashabiki kuliko lolote. Katika umri wa miaka 16 na 17 kuna watoto wenye ndevu na watoto wenye sauti nyembamba ndani ya timu moja. Mwenye ndevu anawasukuma wenzake na kupata mpira mara 30, gazeti la mtaa linamsifu. Miaka mitatu baadaye wenzake wamekua, nguvu ni sawa, na hakuwahi kujifunza namna nyingine ya kuupata mpira. Ndiyo maana mechi za mwezi wa saba, baridi na matope, ndizo Papa Daftari anazipenda. Mpira ukilowa haudakiki vizuri, wote wanainama chini kuugombania, na hapo urefu hausaidii sana.

Timu nazo zina vipimo vyao. Kiisha msimu, vijana waliochaguliwa wanaitwa kwenye majaribio ya mwili: mbio za mita 20, kuruka juu, kupinda kati ya nguzo, mbio za kilomita 2. Namba zinatoka, mashabiki wanapanga upya orodha zao usiku huo huo. Namba hizo si za uongo. Mwenye kumaliza mita 20 chini ya sekunde 3 ana mbio kweli. Ila amekimbia kwenye sakafu kavu, bila mpira, bila mtu wa kilo 90 anayemjia ubavuni.

Historia ya drafti yenyewe inatosha kumfanya mtu apunguze sauti. Mwaka 2001 watatu wa kwanza walikuwa Luke Hodge, Luke Ball na Chris Judd, na hakuna anayeweza kusema hawakustahili. Lakini katika drafti hiyo hiyo Sam Mitchell alingoja hadi nafasi ya 36 na Dane Swan hadi ya 58. Wote wawili walikuja kupata medali ya Brownlow, ile ya mchezaji bora wa msimu. Mitchell hakuwa na mbio. Alikuwa na miguu miwili, yaani wa kulia na wa kushoto ilikuwa sawa, na kichwa kilichokuwa mbele ya wengine kwa hatua moja. Papa Daftari akisikia watu wanamdharau kijana kwa kuwa ni mzito wa mbio, anawauliza kama wanamkumbuka Mitchell.

Mwaka 2008 Melbourne walimchagua Jack Watts wa kwanza, na West Coast wakamchukua Nic Naitanui wa pili. Watts alicheza mechi yake ya kwanza mwaka 2009 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, mbele ya uwanja uliojaa, na wapinzani wakamkaribisha kwa viwiko. Alicheza mechi zaidi ya 150 katika ligi hiyo, jambo ambalo wachezaji wengi hawalifikii. Hata hivyo kila mwaka alipimwa kwa Naitanui, kama mtu aliyeiba kiti. Kiti hakukiomba, walimpa.

Na kuna yasiyoweza kuonwa na mtu yeyote. Paddy McCartin aliitwa wa kwanza na St Kilda mwaka 2014, Christian Petracca akafuata wa pili. Petracca akawa mchezaji bora wa fainali ya 2021. McCartin aligongwa kichwa mara nyingi mpaka akasimama, akarudi na Sydney mwaka 2022, akagongwa tena mwaka uliofuata, akaacha mchezo. Bado kuna mashabiki wanaosema St Kilda walikosea kuchagua. Hayo ni maneno ya mtu aliyekwisha kusoma ukurasa wa mwisho.

Sehemu inayomgusa zaidi Papa Daftari ni ile ya vijana wenye asili ya Afrika. Siku hizi wapo wengi, hasa wa familia za Sudan Kusini. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, alichukuliwa na North Melbourne mwishoni mwa 2009 kama mchezaji wa majaribio, na mwaka 2013 akafunga goli kwa mpigo wake wa kwanza kabisa. Aliir Aliir alizaliwa katika kambi ya Kakuma, Kenya. Aliitwa na Sydney mwaka 2013 katika nafasi ya 44, na mwaka 2021 akiwa Port Adelaide alitiwa katika timu ya wachezaji bora wa nchi nzima. Mac Andrew, aliyezaliwa Misri kwa wazazi wa Sudan Kusini, aliitwa wa tano na Gold Coast mwaka 2021. Na kabla ya wote hao kulikuwa na Héritier Lumumba, mzaliwa wa Brazil mwenye baba wa asili ya Kongo, bingwa na Collingwood mwaka 2010. Miaka mingi alijulikana kwa jina la Harry O'Brien mpaka alipoamua kurudia jina lake. Alisema wazi juu ya ubaguzi aliokutana nao ndani ya klabu, na ripoti ya mwaka 2021 iliyoagizwa na klabu yenyewe ilithibitisha kwamba ubaguzi ulikuwepo.

Sikiliza watu pembeni ya uwanja, anasema Papa Daftari. Kijana Mzungu akiukata mpira njiani, wanasema "anausoma mchezo". Kijana mweusi akifanya hilo hilo, wanasema "angalia anavyoruka", au wanamwita malighafi, kama mbao ambayo bado haijapigwa randa. Aliir kazi yake ni ya beki, na uzuri wake mkubwa ni kujua mpira utaangukia wapi kabla ya mshambuliaji hajajua. Hiyo ni akili kabla ya kuwa miguu. Kwa hiyo daftari lina sheria: kwa kijana mwenye asili ya Afrika, hakuna neno la mbio wala la kuruka linaloandikwa mpaka kwanza yawe yameandikwa mambo matatu aliyoyaamua uwanjani, mazuri au mabaya. Mabaya pia, maana kumsifu mtoto kwa sababu ni wa kwetu ni namna nyingine ya kutomtazama.

Mwaka huu sheria hiyo imemletea kazi ngumu. Familia moja ya Uvira, jirani na wasali wenzake, ina kijana wa kwanza anayetimiza miaka 18, na wasaka vipaji wameanza kuja kwenye mechi zake. Baada ya ibada watu hawaulizi tena habari za nyumbani. Wanamuuliza Papa Daftari: atachukuliwa? Baba wa kijana amekwisha kuwaambia ndugu Uvira. Mama yake ana barua ya nafasi ya kujifunza ufundi wa umeme, miaka minne kwa mshahara, na bwana wa kazi anataka jibu kabla ya Noeli.

Papa Daftari alikwenda kwao jioni moja, akapewa ugali na sombe, na baada ya kula akafungua kurasa sita. Aliwaambia kijana wao anausoma mpira vizuri kuliko wote wa timu yake na hachoki kurudi nyuma. Aliwaambia pia mguu wa kushoto hauaminiki: katika mechi nne aliutumia mara 7, na 5 kati ya hizo mpira ulikwenda kwa wapinzani. Kuitwa mwaka huu kunawezekana, kutoitwa kunawezekana zaidi. Akataja mlango mwingine: tangu 2019 kuna drafti ndogo katikati ya msimu kwa walioachwa. Marlion Pickett aliitwa hapo na Richmond mwaka huo huo akiwa na miaka 27, na mechi yake ya kwanza ya ligi kuu ikawa fainali, wakaichukua.

"Kaka, miaka 27?" baba wa kijana aliuliza. "Mimi nimewaambia watu ni mwaka huu."

Mama hakuuliza juu ya Pickett. Alitaka kujua kama fundi umeme anaweza kucheza siku ya posho. Papa Daftari alimjibu kwamba katika ligi za majimbo wengi wanafanya hivyo, kazi siku tano na mechi mwisho wa juma, na timu kubwa zinatazama huko pia. Mama akachukua ile barua juu ya friji akaiweka mezani. Kijana mwenyewe, aliyekuwa kimya muda wote, aliomba aone ukurasa wa mguu wa kushoto.

Mechi inayofuata ni siku ya posho, saa nne asubuhi, na mvua inatarajiwa. Kocha amesema atamchezesha nyuma.