Siti mbili, watu watatu: mtoto, pikapu na eabegi (Sehemu ya 6)

 

Tangu sehemu iliyopita wengi mmeniuliza swali moja: mtoto mchanga akitoka hospitali, anapanda vipi gari? Nilidhani nitajibu kwa mistari mitatu. Nimeshindwa, kwa sababu swali hili lina kisa changu mwenyewe ambacho sijawahi kukisimulia hapa. Naomba usome mpaka mwisho hata kama huna gari. Lifti utapewa tu siku moja, ukiwa na mtoto mkononi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya asubuhi wodi ya wazazi. Kulikuwa na mama mmoja, uzazi wa kwanza, amejifungua salama, na siku hiyo anaruhusiwa. Nitamuita Mama Neema, siyo jina lake. Mume wake alikuja kumchukua na pikapu ya cabin moja, ile yenye siti ya dereva na siti moja ya abiria, nyuma ni bodi la mizigo. Anafanya biashara ya matunda, hilo ndilo gari lake la kazi na ndilo gari la familia.

Lakini baba huyu alinifurahisha. Mkononi alikuwa na kiti cha mtoto cha gari, kipya kabisa, dada yake aliye nje ya nchi alimtumia. Jamani, mimi kwenye kazi yangu nimezoea kuona watoto wakiondoka wamepakatwa, wamefungwa kwenye khanga, mama kakaa mbele, safari njema. Kumuona baba na kiti cha mtoto ilikuwa kama sikukuu. Nikajitolea kushuka nao mpaka kwenye gari.

Nilijua jambo moja kuhusu viti hivi, nalo nililijua vizuri: mtoto mchanga anatazama nyuma. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, shingo bado laini. Gari likigonga kitu kwa mbele, mtoto anayetazama mbele kichwa kinarushwa, shingo inabeba kila kitu. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti unampokea: kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Nikaeleza hayo kwa sauti, na ndugu wengine waliokuwa pale nje wasikie. Nikakifunga kile kiti kwenye siti ya abiria, mgongo wake ukielekea dashibodi, mkanda nikaukaza mpaka kiti hakitingishiki.

Bibi wa mtoto akaguna. "Mnamfunga mtoto kama mzigo?"

"Bibi, ni usalama wake," nikamjibu, huku najisikia vizuri.

Halafu Mama Neema akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria. "Sista, na mimi nakaa wapi?"

Kimya. Siti mbili. Dereva mmoja, kiti cha mtoto kimoja. Mama aliyejifungua juzi, ana nyuzi, anakaa wapi? Kwenye bodi na matenga? Mume akasema basi, kiti tukitoe, mama ampakate tu kama watu wote. Mimi nikakataa, nikaanza kupanga mama apande bajaji nyuma yao.

Tukiwa kwenye ubishi huo, dereva wetu wa gari la wagonjwa, mzee wa makamo asiye na maneno mengi, akapita. Akachungulia dirishani. Akaniambia taratibu, "Sista, hii gari ina eabegi. Umemuweka mtoto mbele ya eabegi?"

Nikasema, "Ndiyo, si ni kitu cha usalama?"

"Usalama wako wewe, baba. Siyo wa huyo."

Akanionyesha maandishi kwenye dashibodi upande wa abiria: SRS AIRBAG. Akashusha kikinga jua, pale pana picha ya kiti cha mtoto kimepigwa mstari mwekundu. Ilikuwepo muda wote, sentimita chache kutoka kwenye mikono yangu.

Sasa nieleze alichonieleza, na nilichokuja kujifunza baadaye.

Eabegi ni ule mfuko wa hewa unaojificha ndani ya dashibodi na usukani. Ajali ikitokea haupulizwi polepole kama puto la sherehe. Unalipuka. Unajaa kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho, na kasi yake inaweza kufika kilomita 300 kwa saa. Umetengenezwa kumpokea mtu mzima aliyefunga mkanda na kukaa mbali kidogo na dashibodi. Mpaka kifua chake kinaufikia, umeshajaa.

Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kinakaa karibu kabisa na dashibodi. Kwa hiyo eabegi haimkuti mtoto ikiwa imejaa. Inampiga ikiwa bado inalipuka, na inapiga palepale nyuma ya kichwa chake. Kile kile nilichokuwa nakilinda, kichwa na shingo, ndicho kinachopigwa.

Hili siyo la kufikirika. Marekani, miaka ya 1990, eabegi za abiria zilipoanza kuwa nyingi, watoto zaidi ya 100 walikufa kwa kupigwa na eabegi, wengi kwenye ajali za mwendo mdogo ambazo watu wazima ndani ya gari walitoka wakitembea. Ndiyo maana mwaka 1995 serikali ya kule iliruhusu magari yasiyo na siti ya nyuma, yaani pikapu na magari ya siti mbili, yawekewe swichi ya kuzima eabegi ya abiria. Ulaya nako sheria inakataza kumuweka mtoto anayetazama nyuma mbele ya eabegi ambayo haijazimwa.

Na kumpakata? Mama yangu, hapo ndipo pabaya zaidi. Gari likigonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 8 anavutwa mbele kwa nguvu kama ya mzigo wa zaidi ya kilo 100. Hakuna mkono wa mama unaoshika hapo, hata ungempenda vipi. Na kama mbele yako kuna eabegi, mtoto yuko katikati, kati ya kifua chako na kile kinacholipuka. Mkanda mmoja kuwafunga wawili nao hausaidii, uzito wako wote unamkandamiza yeye kwenye mkanda.

Siku ile tulifanyaje? Tulitafuta swichi. Haikuwepo. Basi tukakitoa kiti, mume akampigia shemeji yake mwenye gari dogo la milango minne, tukasubiri karibu saa mbili. Bibi alininunia kweli kweli. Shemeji alipofika tukafunga kiti siti ya nyuma, mtoto akitazama nyuma, mama akakaa pembeni yake anamuona usoni. Pikapu ikatangulia na mabegi.

Nilirudi wodini nikaingia chooni nikakaa. Mikono ilikuwa inatetemeka. Ningewapungia mkono pale getini, natabasamu, na mtoto nimemfunga kwa mikono yangu mwenyewe mahali pabaya kuliko pote ndani ya gari.

Basi, mwenye pikapu ya cabin moja, mwenye kirikuu, na mwenye gari lolote la siti mbili, haya ni yako:

1. Kagua gari lako leo. Tafuta maandishi SRS AIRBAG kwenye dashibodi upande wa abiria, na angalia lebo kwenye kikinga jua. Magari mengi yetu yametoka Japani yakiwa yametumika, maelezo mengine ni ya Kijapani, lakini ile picha ya kiti kilichopigwa mstari haihitaji lugha. Gari mbili za aina moja zinaweza kutofautiana kwa mwaka: hii inayo, ile haina. Usijibu kwa kukisia.

2. Tafuta swichi. Kwenye magari yanayo nayo, mara nyingi ipo ubavuni mwa dashibodi upande wa abiria (fungua mlango uone), ndani ya droo ya dashibodi, au katikati. Inazungushwa kwa ufunguo. Ukizima, taa inawaka kukuambia eabegi ya abiria imezimwa. Taa haijawaka? Hesabu kwamba eabegi iko hai.

3. Eabegi ipo na swichi haipo: mtoto wa kutazama nyuma hapandi gari hilo. Hapa sina njia ya kati. Kusogeza siti nyuma hakutoshi. "Ni hapo tu jirani" hakutoshi. Na usimgeuze atazame mbele kabla ya umri na uzito wa kiti chake kuruhusu, eti kukwepa eabegi. Azima gari, kodi teksi yenye siti ya nyuma, subiri shemeji.

4. Usikubali fundi wa mtaani "akutolee". Miezi michache baadaye Mama Neema alinipigia, fundi amewaambia anachomoa ile soketi ya njano kwa elfu kumi tu. Nikamwambia hapana. Eabegi inaweza kumlipukia fundi mwenyewe. Kuchomoa ovyo kunaweza kuzima mfumo mzima, pamoja na eabegi ya dereva, na mtu atakayenunua gari hilo kesho hatajua. Kama kuna njia halali ya kuweka swichi kwa gari lako, ni karakana inayotambuliwa na watengenezaji wa gari itakayokuambia.

5. Mtoto mkubwa kidogo, anayetazama mbele kwenye kiti chake: kama hakuna gari jingine, zima eabegi ikiwa swichi ipo, sogeza siti ya gari nyuma mpaka mwisho, na kaza mikanda yake. Ukishika mkanda begani kwa vidole viwili usiweze kuukunja, hapo umekaza. Sweta nene na blanketi havikai chini ya mkanda. Mfunge kwanza, mfunike juu.

6. Akishuka mtoto, washa eabegi tena. Tunasahau sana hili. Akipanda mtu mzima, anaihitaji.

7. Na swali la Mama Neema: mama anakaa wapi? Hata swichi ikiwepo, mtoto mchanga kitini anahitaji jicho. Kidevu kikishuka kifuani, njia ya hewa inabanwa. Baba anayeendesha hawezi kutazama barabara na pua ya mtoto kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mimi nasema wazi: kwa mtoto mchanga, gari la siti mbili siyo gari la familia. Ni gari la kazi. Hata kama ndilo mlilo nalo na mnalipenda. Na kwa gari lolote, safari ikiwa ndefu, simameni mara kwa mara, mtoeni mtoto kitini, anyonye, ajinyooshe.

Najua baadhi yenu mtasema, "Nesi, sisi tumekua tukipakatwa, mbona tupo?" Ni kweli, tupo. Wale ambao hawapo hawawezi kutuandikia. Na magari tuliyopakatwa ndani yake, mengi hayakuwa na eabegi.

Najua pia si rahisi kwa mama aliyejifungua juzi kumwambia baba watoto "gari hili sipandi na mtoto", mbele ya mama mkwe, mbele ya watu. Gari lenyewe kalinunua kwa jasho. Ndiyo maana nakuomba uliongee kabla ya uchungu, mkiwa nyumbani, mmekaa. Mwambie nesi kasema. Nitupieni lawama mimi, nimezoea, bibi wa Neema mpaka leo akinikuta sokoni ananiita "yule wa kutusubirisha juani."

Neema sasa anasoma chekechea. Baba yake bado ana pikapu ile ile, na matunda ndiyo yanayokaa mbele.

Siku hizi, kabla sijamruhusu mama yeyote, baada ya kuuliza kuhusu dawa na kunyonyesha, nauliza swali moja zaidi: "Mmekuja na gari gani?" Wengine wananishangaa. Nashuka nao tu.

Leo jioni baba akirudi, chukua tochi ya simu, kakague dashibodi. Sehemu ijayo tutaongea kuhusu viti vya mitumba: kipi cha kununua na kipi cha kuacha hata ukipewa bure.

Nesi wenu.