Wageni wa Uani

Ushukapo kutoka Ukunda hadi barabara ya ufuo wa Diani, inua macho. Utaona ngazi za kamba zimetandazwa juu ya lami, mti hadi mti. Ni njia za mbega, zilizowekwa na shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa 1997, ili wanyama hao wasigongwe na magari. Lakini ngazi yafaa nini iwapo upande wa pili mti umekatwa na ua wote umesakafiwa? Mbega hula majani. Mwizi wa mkate wetu ni tumbili, tusimsingizie mwenzake.

Mbele kidogo ni Kaya Kinondo, msitu ambao wazee wa Kidigo wameulinda kiasi kwamba hata ukuni hautolewi. UNESCO iliziingiza kaya katika urithi wa dunia mwaka 2008.

Nyumbani Msambweni twawaziba kwa saruji wale nyuki weusi wakubwa watobao boriti, kisha twalalamika kuwa mpasheni hauzai! Ndio hasa wauchavushao. Mwachie gogo kavu pembeni mwa ua, atoboe humo.

Katika Hadithi aliyoipokea Anas, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa alichokipanda Mwislamu, akila ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Ndege ametajwa. Basi mkwaju usikatwe kwa sababu ya majani kuchafua ua. Bakuli la maji liwekwe kivulini, libadilishwe kila siku, mbu wasizaane.