Jogoo Mweusi Tuliyerudi Naye

Tulitoka Tanga baada ya swala ya Alfajiri, tukapita Segera na Chalinze, na kabla ya Adhuhuri milima ya Uluguru ilikuwa mbele yetu. Tulikuwa wanne wa kamati ya msikiti, na miguuni petu lilikuwapo tenga lenye kuku watatu wa kishingo: jogoo mweusi asiye na doa, tetea mwekundu, na tetea mwenye madoa ya kanga. Tuliazimia kuwaonesha katika Nane Nane, kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere mjini Morogoro, na kumuuza jogoo kwa ajili ya paa la madrasa.

Ndugu msomaji, kishingo ni yule kuku ambaye shingo yake haina manyoya. Watoto wa madrasa humcheka, wakisema kwamba ameazima kilemba akasahau kanzu. Hata hivyo, upungufu huo una rehema ndani yake. Kuku hatoki jasho. Joto humtoka kwa kuhema na kupitia ngozi iliyo wazi. Kishingo ana manyoya machache mwili mzima, wala si shingoni peke yake, na kwa hiyo katika joto la pwani huendelea kula na kukua hali wenzake wamelala kivulini midomo wazi.

Uwanjani tuliwapaka kuku wetu mafuta ya nazi miguuni na kwenye upanga, wakang'aa. Watu walisimama, nasi vifua vikatutanuka kuliko cha jogoo. Jirani yetu, mfugaji mzee kutoka Kilosa, akatabasamu. "Masheikh zangu," akasema, "uzuri wa leo mnauona. Je, mnajua watazaa nini?" Akatufundisha kwamba mwenye kishada cha manyoya mbele ya shingo amerithi umbile hilo kwa mzazi mmoja, na mwenye shingo tupu kabisa amelirithi kwa wazazi wote wawili. Ukipandisha wawili wenye vishada, katika kila vifaranga wanne tarajia kwa wastani mmoja mwenye manyoya kamili, wawili wenye vishada na mmoja mtupu.

Baada ya Alasiri alikuja bwana mmoja nadhifu. Hakuuliza juu ya uzito wala mbegu. Aliinua mbawa za jogoo, akachungulia chini yake, kisha akataja bei mara nne ya ile tuliyoiandika.

"Unamtakia uzao?" tukamuuliza.

"Ni wa dawa, sheikh. Nimeagizwa mweusi mtupu."

Mweka hazina wetu alitutazama. Tulijua anawaza nini: watoto wanaosogeza misahafu kila mvua inyeshapo. Lakini Sura Fatir inatukumbusha kwamba rangi mbalimbali za watu na wanyama ni katika kazi ya Muumba. Vipi tupokee fedha za mtu aliyeambiwa kuwa rangi ya jogoo itamwondolea balaa, kisha kwa fedha hizo tuezeke mahali pa kufundishia tauhidi? Tulimrudishia salamu njema, tukamnyima jogoo.

Saa ya kufunga ilifika bila mnunuzi mwingine. Mweka hazina hakusema neno mpaka Chalinze. Hapo akanunua mahindi ya kuchoma, akamtupia jogoo punje chache. "Basi na yeye ale," akasema, "maana ametugharimu."

Paa la madrasa bado linavuja, hatufichi. Jogoo naye yupo, na vifaranga wake tumeanza kuwagawia wazazi wa wanafunzi, kila nyumba jike wawili, kwa sharti moja: chanjo ya mdondo, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Mayai ya kwanza yatakayouzwa yataingia katika mfuko wa mabati.

Wabillahi tawfiq.