Makonyo

Katika ushairi wetu wa pwani, wasia wa mzazi kwa mwanawe ni mlango wa zamani. Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa yapata mwaka 1858, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi ambao hadi leo haujatoka vinywani mwa watu. Shaaban Robert naye alimwachia binti yake Hati na mwanawe wa kiume Adili. Na sehemu ya pili ya habari za maisha yake akaipa jina la Baada ya Miaka Hamsini, ingawa baada ya hamsini hiyo hakuruzukiwa ila michache, akafariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53. Mimi nimekwisha kuuvuka umri huo, na hadi mwaka jana sikuwa nimemtungia mtoto wangu hata ubeti mmoja.

Nayasema haya kwa sababu binti yangu, alipoposwa na ikajulikana kuwa makazi yake yatakuwa Muscat, aliniomba jambo moja tu. "Baba," alisema, "umewafasiria watu wengi maneno yao. Nami nipe langu la kuondoka nalo." Ombi hilo ni jepesi masikioni, lakini ni zito kwa kalamu. Masomo yangu ya skuli yaliishia darasa la saba. Kiarabu nilikianzia chuoni. Kiingereza nilikiokota redioni na katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, nakala iliyokwisha majalada. Mtu aliyejifundisha mwenyewe aghalabu huwa bahili wa maneno: kila alipatalo huliweka akiba. Lakini kila usiku nilipokaa na karatasi, akiba yote iligoma. Kila nilichokiandika kilikuwa amri, fanya hivi, usifanye vile. Na binti mwenyewe ana miaka 27, na mengi ya dunia hii ya leo anayajua kunishinda.

Wakati huohuo nyumbani palikuwa na shauri jingine. Bi mkubwa, mama yangu, ambaye umri wake umepindukia miaka 80, tulimleta Unguja kutibiwa macho. Macho yalipopata nafuu, akawa kila baada ya sala ya alfajiri anauliza: "Marejeo lini?" Ndugu zangu hawakutaka kulisikia. Wete ni mbali, walisema, na hospitali kubwa iko hapa. Tena mkondo wa Nungwi haujasahaulika tangu usiku ule wa Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander na mamia ya watu waliokuwa wakienda Pemba. Hoja zao zilikuwa za mapenzi, wala sina la kuzibeza. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimwona mama akikaa kibarazani asubuhi hadi magharibi, mikono imelala mapajani, mgeni wa heshima katika nyumba ya mwanawe. Hata akinyoosha mkono kuchagua mchele, huambiwa: "Pumzika, bibi." Pumzika ni neno zuri, lakini likikaririwa mno, mzee huanza kulisikia kana kwamba anaambiwa apishe njia.

Msimu wa karafuu ulipofika nikaomba ruhusa nimpeleke kwa wiki mbili. Tulipanda boti Malindi, na tulipofika mkondoni mama akashika tasbihi yake, nami nikashika mkono wake. Hatukusemezana mpaka Mkoani. Kutoka hapo tulichukua gari kupitia Chake Chake hadi Wete, na njia nzima alikuwa akizitambua shehia kwa harufu ya majamvi yaliyoanikwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyolibeba zao hili. Mama hajapata kukisoma kimbunga hicho katika kitabu chochote. Yeye anaijua miti tu, mmoja mmoja, na nani aliupanda.

Siku ya pili magunia yalifika kutoka shambani, wakakaa wanawake na watoto kuchambua. Mama akaketi nao bila ya kualikwa. Macho yake hayaoni vyema, lakini vidole vyake vinaona. Alikamata kishada, akakizungusha kiganjani, karafuu zikaanguka huku na makonyo kule. Kitukuu chake kimoja, mtoto wa kike wa miaka kama 8 hivi, kwa haraka ya kwenda kucheza akayazoa makonyo ayamwage kichakani. Mama akamshika mkono, wala hakumkemea. "Hayo nayo yana bei yake, bibi. Yaanike peke yake." Akaendelea na kazi.

Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa. Makonyo hukaushwa mbali na karafuu, huuzwa kwa bei ndogo, kisha hufukizwa kwa mvuke yakatoa mafuta. Na mtu aliyekeshwa na jino anaijua thamani ya mafuta hayo. Karafuu ndiyo isafiriyo ikasifiwa duniani, lakini konyo ndilo lililoishika juu mtini hadi ikafika wakati wake. Nilimtazama mama, nikajitazama na mimi mwenye mvi zangu.

Wiki mbili zilipotimia niliwapigia simu ndugu zangu. Tumeafikiana kuwa mama abaki Wete. Mpwa wetu alale naye nyumba moja, nasi watoto wake watano tuende kwa zamu, na nauli tuichangie. Kaka yangu mkubwa hajaridhika. Anauliza: je, akiugua usiku wa manane? Swali lake sina jawabu nalo, na kila simu inapolia baada ya isha moyo wangu hunienda mbio. Lakini kila nikiuliza mama yuko wapi, huambiwa yuko jamvini.

Kabla binti yangu hajaondoka nilimpa ubeti mmoja:

Neno hili silo onyo, ni zawadi yake baba,
Karafuu na makonyo, vyote vyajaza kibaba,
Njia ijapo mpenyo, hupita mwenye mahaba,
Usiyatupe makonyo, yana mafuta na tiba.

Aliusoma kimya, akaukunja, akautia ndani ya msahafu wake. Baada ya mwezi alinipigia simu kutoka Muscat. Mumewe, aliyezaliwa hukohuko na Kiswahili chake ni cha kusikia kwa bibi yake, ameuliza konyo ni kitu gani. Nilikaa siku mbili na kamusi zangu kutafuta maelezo ya kumtosheleza. Nilipomsimulia mama, alinikatiza.

"Usimweleze," alisema. "Mpelekee ayaone."

Furushi amekwisha kulifunga mwenyewe. Linangoja msafiri.