Baridi na Dakika

Shule ninayofundisha imejengwa mahali palipoinuka, na kutoka madirisha ya ghorofa yake ya juu huonekana mlango wa Kilindini, pale meli ziiachapo bahari kuu na kuingia bandarini Mombasa. Meli za mizigo hupita kila siku, na hapana mwanafunzi azitazamaye. Lakini ipitapo meli ya watalii, nyeupe, ndefu kama mtaa, yenye safu juu ya safu za madirisha, somo langu hupata mshindani nisiyemweza. Kalamu huwekwa chini, shingo hugeuka, na maswali huja. Na katika miaka yangu yote ya ualimu maswali hayo hayajazidi mawili. La kwanza: je, ni kweli kwamba ndani ya meli zile kuna baridi usiku na mchana, hata jua likiwaka nje? La pili: je, ni kweli kwamba mtu aweza kutumia intaneti katikati ya bahari, asipoona nchi kavu upande wowote?

Huniuliza mimi kwa sababu yajulikana shuleni kwamba kabla ya kwenda chuo cha ualimu nilikuwa mtumishi katika meli ya namna hiyo. Huwajibu, "Ni kweli," kisha nikawarudisha kwenye ngeli za nomino. Jibu hilo si la uongo, lakini ni fupi mno, na kwa muda mrefu nimejiona mdeni wa sehemu iliyobaki.

Nilikuwa na umri wa miaka 22 nilipopanda meli hiyo, mwanzoni mwa mwaka 2013. Ilikuwa ikiondoka Miami, katika Marekani, kila Jumapili, ikizunguka visiwa vya bahari ya Karibi, na kurudi Jumapili iliyofuata. Ilichukua abiria zaidi ya 3,000, nasi tuliowatumikia tulizidi 1,000. Kazi yangu ilikuwa kuhudumia vyumba: kutandika, kufagia, kubadili taulo, na kupokea malalamiko. Marehemu baba yangu alikuwa hamali Kilindini kwa miaka mingi; alibeba mizigo ya meli zisizo na idadi bila kulala usiku hata mmoja ndani ya meli. Siku ya kuagana alinishika mkono pale kwenye kivuko cha Likoni akaniambia, "Mwanangu, utii uliopewa kazi kwao utakurudisha salama." Nilimwitikia. Maneno hayo nitayarudia mbele.

Kwanza nieleze habari ya baridi. Mtu anayezijua nyumba za mawe za Mji wa Kale, zenye kuta nene za matumbawe na chokaa na dari zilizo juu, anajua namna wazee wetu walivyolishinda joto: waliuacha upepo uingie upande huu na kutokea ule. Chumba cha meli hakiwezi kufanya hivyo. Ni sanduku la chuma katikati ya masanduku mengine ya chuma, na vyumba vingi havina dirisha la kufunguka. Kwa hiyo baridi hutengenezwa chini, karibu na mitambo, ambako mashine kubwa hupoza maji hadi nyuzi 6 au 7 za Selsiasi. Maji hayo husukumwa kwa mabomba hadi kila sitaha, na juu ya dari ya kila chumba feni huipuliza hewa ipite kwenye bomba lenye maji hayo. Joto linalonyang'anywa vyumbani hushuka pamoja na maji, na mwisho wake hutupwa baharini.

Msomaji asidhani kwamba kazi ya mashine hizo ni kuburudisha watu tu. Bilauri ya maji ya barafu ikiwekwa mezani hutoka jasho nje. Jasho lile ni unyevu wa hewa ulioguswa na ubaridi ukageuka maji. Ndivyo hewa ya melini inavyokaushwa: unyevu wake huachwa juu ya mabomba na kutiririka kwenye mifereji. Bila hivyo godoro lingeota ukungu na chuma kingeliwa na kutu. Tena, aliyeitengeneza mashine ya kwanza ya namna hii, Mmarekani Willis Carrier, mwaka 1902, hakuwa akimfikiria mtu aliyeshikwa na joto. Aliitengenezea kiwanda cha kupiga chapa huko Brooklyn, ambako unyevu ulikuwa ukivuruga karatasi na rangi zikikosa kukaa mahali pake. Wanadamu walifaidi baadaye.

Kila chumba cha abiria kilikuwa na kidude ukutani cha kuongeza au kupunguza baridi. Abiria waliamini kwamba kile ni amri. Sisi tulijua kwamba ni ombi. Kiliweza kuifungua au kuibana hewa kidogo, lakini hakikuweza kubadili maji yaliyokuwa yakija kutoka chini. Mmoja aliona nyuzi 22 kuwa tanuri, na jirani yake, ukuta ukiwa kati yao, aliziona kuwa theluji. Wako waliofungua mlango wa roshani usiku kucha ili wasikie mawimbi. Hewa nzito ya bahari ikaingia, dari ikaanza kudondosha maji, na asubuhi malalamiko yakaniangukia mimi. Niliwahi kumsikia bwana mmoja akisema kwamba likizo yake yote imeharibika kwa sababu ya nyuzi mbili. Sikumcheka. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtu akiisha kulipia raha, upungufu wake mdogo humuuma kuliko shida ya bure.

Nasi je? Katika chumba cha kufulia, penye mashine za kupigia pasi na mvuke usiokatika, shati lililowa kwa jasho kabla ya dakika kumi. Katika majiko ilikuwa vivyo hivyo. Kisha tuliteremka kulala chini ya usawa wa maji, wawili wawili, katika vyumba ambavyo hewa yake haikuwa na kidude cha kuiomba. Ilikuja baridi kama ilivyotaka. Tulilala na soksi.

Mwezi wa Juni nilipata abiria bibi kizee, mjane, aliyekuwa akisafiri peke yake. Chumba chake kilikuwa baridi, na fundi alipokuja alisema hakuna kilichoharibika. Nje palikuwa na nyuzi 30, naye ndani alivaa koti. Nilimletea mablanketi mawili, kisha la tatu, na kila jioni nilimkuta amejifunika mpaka shingoni mbele ya kompyuta yake ndogo, akimwandikia binti yake aliyekuwa karibu kujifungua. Alinieleza habari za mjukuu huyo ajaye. Nami nilimweleza kwamba baba yangu ni mzee na kifua kinamsumbua.

Hapa yanipasa kueleza intaneti ya siku zile. Katika nchi kavu mawasiliano hupita zaidi katika nyaya. Baharini hapana waya wa kuifuata meli. Juu ya meli yetu yalikuwapo makuba meupe, mfano wa mayai makubwa, na ndani ya kila kuba sahani iliyogeuka polepole ili uso wake usiache kuielekea satelaiti, hata meli ikiyumba. Satelaiti hiyo ilikuwa juu ya ikweta umbali wa kilomita 35,786. Mwendo wa mawimbi ya redio ni kama wa nuru, na hata hivyo swali na jibu lake vilichukua zaidi ya nusu sekunde njiani. Kuchelewa huko si kitu. Shida ilikuwa kwamba njia yenyewe ilikuwa nyembamba, na watu zaidi ya 4,000 walitaka kupita humo kama abiria wa kivuko saa ya asubuhi. Kwa hiyo iliuzwa kwa dakika. Abiria walilipa takriban senti 75 za dola kwa dakika moja. Sisi tulinunua kadi zetu kwa bei nafuu zaidi, lakini nafuu hiyo ilipimwa na mshahara wetu, na mimi nilikuwa bado nalipa deni la nauli na gharama za kuipata kazi. Nikajiwekea sharti: kadi moja kwa majuma mawili. Hakuna aliyenilazimisha sharti hilo. Nalisema ili lawama isiwaangukie wengine yote.

Kadi yangu iliisha Alhamisi. Jumamosi, saa tatu ya usiku, nilikwenda kumtandikia bibi yule kwa mara ya mwisho, kwani kesho yake tungefika Miami naye angeshuka. Alikuwa na furaha. Mjukuu alikuwa amezaliwa. Akaniambia kwamba amebakiwa na dakika 47, na kwamba safari ikiisha dakika hizo hufutwa, hazirudishwi fedha wala haziwekwi akiba. "Kaa hapa," akasema, "umwandikie baba yako. Zisipotee bure." Akaisogeza kompyuta upande wangu.

Sheria ya meli ilikataza mtumishi kutumia huduma aliyolipia abiria, na adhabu yake ilikuwa kurudishwa kwao. Nilimshukuru, nikamwambia hairuhusiwi. Akasema hakuna atakayejua. Nikamwambia, "Bibi, nitajua mimi." Nilijiona mtu mwema sana niliposema hivyo. Nilitoka nikafunga mlango polepole.

Saa tatu ya usiku katika bahari ile ni saa kumi ya alfajiri Mombasa.

Jumapili ni siku ya kubadilisha abiria, na mhudumu wa vyumba hapati ruhusa ya kushuka. Jumatatu nilinunua kadi. Nilikuta ujumbe mitatu kutoka kwa dada yangu mkubwa, nikaisoma kwa mpango ilivyoandikwa. Wa kwanza, wa Ijumaa: "Mdogo wangu, Baba amelazwa. Piga simu." Wa pili, wa Jumamosi usiku: "Anakuuliza. Nimemwambia utapiga. Niko naye mpaka asubuhi, simu ninayo mkononi." Wa tatu, wa Jumapili jioni: "Baba ametutoka alfajiri, muadhini alipokuwa akiadhini. Tumemzika baada ya alasiri. Sijui uko wapi."

Nimelipima jambo hilo kwa miaka mingi. Wakati mwingine nasema nilitenda haki, kwa sababu sheria ni sheria na sikujua yaliyokuwa yakitokea. Wakati mwingine nasema kwamba niliyoyaita maadili yalikuwa hofu ya kufukuzwa, iliyovishwa kanzu nyeupe. Na maneno ya kivukoni, kwamba utii utanirudisha salama, yalitimia, nilirudi salama. Dada yangu hakunilaumu kwa kinywa. Aliuliza mara moja tu kama kule baharini hakuna hata mtu mmoja mwenye simu, nami sikuweza kumjibu.

Usiku ule wa Jumatatu nilikuwa nikitetemeka kitandani, na sijui kama ni kwa huzuni au kwa hewa. Mwenzangu wa chumbani, kijana wa Ufilipino, aliamka bila kusema neno, akachukua taulo, akaliziba tundu la hewa barabara. Jambo hilo lilikatazwa pia. Kisha akanitupia blanketi lake.

Mambo yamebadilika tangu hapo, nami napenda kuyasema kwa haki. Mkataba wa Kazi za Mabaharia, uliopitishwa Geneva mwaka 2006 chini ya Shirika la Kazi Duniani, ulianza kutumika tarehe 20 Agosti 2013, miezi miwili baada ya msiba wangu. Kenya iliuridhia mwaka 2014. Mkataba huo hutaja hewa na joto la mahali anapolala baharia, na marekebisho yake ya mwaka 2022, yaliyoanza kutumika tarehe 23 Desemba 2024, yametaja pia mawasiliano yake na jamaa zake. Mwanafunzi wa lugha na ausome vizuri: mawasiliano yameandikwa kwa neno la lazima, lakini intaneti yenyewe, na bei yake kuwa ya kadiri, imewekwa katika maelekezo, ambako neno ni "yafaa." Kati ya "lazima" na "yafaa" mtu aweza kufiwa. Lakini hata "yafaa" ilikuwa haijaanza kutumika siku zile za msiba wangu. Na kuanzia mwaka huohuo wa 2022 meli za watalii zimekuwa zikifunga vyombo vya Starlink, ambayo satelaiti zake ni maelfu na huzunguka kiasi cha kilomita 550 tu juu ya dunia. Njia imepanuka, na sauti hufika bila kusitasita.

Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, msichana aliyekuwa akikaa dirishani na kuzihesabu meli, sasa ni mtumishi wa vyumba katika meli iliyo huko huko Karibi. Juzi alinipigia simu saa kumi na moja ya alfajiri, na nikamwona usoni wazi kama yuko darasani, amejifunika blanketi mpaka kichwani. "Mwalimu," akasema, "hukutuambia kwamba baridi yenyewe ni ya namna hii." Nilimwambia avae soksi mbili. Kisha nikamuuliza kama amekwisha mpigia mama yake, akasema bado, amechelea kumwamsha. Nikamwambia amwamshe, nami nikakata simu ili asipoteze wakati.