Mbuzi Sita kwa Karatasi Moja

Jioni moja baada ya sala ya Rozari, binti wa marehemu kaka yangu alifika nyumbani kwangu hapa Salamabila, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Alinisalimu kwa adabu, akaketi mkekani, akanyamaza. Nikajua ana neno zito. Mwishowe akasema: “Baba mdogo, nataka kwenda kusomea kompyuta. Mama amekubali kunipa fedha yote aliyoiweka. Lakini amesema nisiondoke bila neno lako.”

Nilijua fedha hiyo inatoka wapi. Kaka yangu alifunikwa na udongo katika shimo la dhahabu, na tangu siku ile shemeji yangu anauza mchele na mafuta ya mawese sokoni. Kwa miaka mitatu alikuwa akifunga noti moja moja katika kitambaa, hata zikafika dola 180. Hapakuwa na fedha nyingine. Ikipotea hiyo, binti atarudi kuosha mchanga wa dhahabu pamoja na wenzake, au ataposwa upesi na mtu wa kwanza atakayepita.

Nikaifungua ile karatasi. Mafunzo matatu yaliandikwa humo. La kwanza ni kutengeneza programu na kurasa za intaneti, mwaka mmoja. La pili ni kutengeneza mashine zilizoharibika, miezi sita. La tatu ni kazi za ofisi, yaani kupiga chapa, kupanga hesabu katika majedwali na kuchapisha, miezi mitatu. Binti alikuwa ameweka alama kwenye la kwanza. Nilipomwuliza kwa nini, akajibu: “Ni kubwa kuliko mengine, Baba mdogo. Na cheti chake ni kizuri.”

Basi moyo wangu ukashtuka, maana maneno hayo ndiyo niliyoyasema mimi mwenyewe zamani.

KOSA LANGU MWENYEWE

Wengi wetu twakumbuka mwaka 2016, mgodi wa Namoya ulipoanza kutoa dhahabu kwa biashara. Kila barazani watu walisema: “Kampuni inataka wajuao kompyuta.” Nami nilikuwa mwalimu mwenye mshahara mdogo na watoto watano. Sikuuliza zaidi. Niliuza mbuzi sita na baisikeli yangu, nikasafiri hadi mji wa mbali, nikalipa ada ya miezi tisa katika shule moja ambayo sitaitaja. Niliichagua kwa sababu jina la mafunzo yake lilikuwa refu kuliko mengine.

Tulikuwa wanafunzi 30, mashine tatu, na moja katika hizo tatu ilikuwa imekufa. Mafuta ya jenereta yalipokwisha, mwalimu alitusomea naye tukaandika daftarini. Niliandika habari za kompyuta za kale na majina ya viungo vyote vya mashine. Ningeweza kuichora kompyuta gizani! Lakini kuitumia sikujua. Kwa miezi tisa vidole vyangu havikuigusa, nadhani, hata saa 20.

Nikarudi na cheti chenye mihuri miwili na pambo la rangi ya dhahabu. Siku nilipoitwa kujaribiwa katika ofisi moja, bwana mmoja aliniweka mbele ya mashine, akaniambia: “Panga jedwali la wafanyakazi kumi na mishahara yao, kisha utupe jumla.” Jambo dogo namna hiyo! Mikono ikatetemeka. Niliitafuta herufi moja hadi jasho likanitoka. Yule bwana alinitazama kwa huruma, akanishukuru, akafungua mlango.

Mama watoto hakunilaumu. Aliipokea karatasi, akaitazama mbele na nyuma, akasema tu: “Tumetoa mbuzi sita kwa karatasi moja.” Akaiweka sandukuni chini ya nguo, na huko iko mpaka leo.

Tena Mungu alinifundisha jambo la pili. Mnamo Septemba 2019 mgodi ulisimamisha kazi kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Hata wale waliopata viti vya ofisini walirudi nyumbani. Nani aliyeendelea kula kwa kompyuta yake? Kijana mmoja mwenye kibanda karibu na soko, mwenye bamba moja la jua juu ya bati, aliyewaandikia watu barua na kuwatolea nakala za hati zao. Yeye hakujifunza kwa ajili ya mgodi. Alijifunza kwa ajili ya haja za jirani zake, na jirani hawakuondoka.

ULIZA HAJA KWANZA

Basi sikumkataza binti yangu, wala sikumruhusu. Nilimwuliza swali moja: “Ukimaliza mafunzo hayo, Jumatatu ya kwanza asubuhi utafanya kazi gani, na utaifanya kwa nani?” Akatazama chini. Nikamwambia: “Nenda ukatafute jibu. Chukua daftari. Uzunguke juma zima, uwaulize watu wana taabu gani ya maandishi na hesabu.”

Labda msomaji atasema: mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, tena methali hiyo yawaonya wavivu. Lakini jembe la kulimia mchanga si jembe la kulimia majaruba ya mpunga, na atakayelinunua kwa akiba ya mjane ana wajibu wa kuchagua. Katika katekisimu twafundishwa fadhila nne kuu, na ya kwanza ni busara. Naye Bwana wetu, katika Injili ya Luka, sura ya 14, atueleza habari za mtu apendaye kujenga mnara: yafaa aketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi watu wakamcheka. Mimi nilikuwa mtu wa msingi bila mnara.

Siku zile nilimsimulia binti habari za Padri Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia, aliyezaliwa mwaka 1913. Padri huyo alikuwa akichunguza mafundisho ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino juu ya kuwapo. Akaona kwamba haimtoshi kutafuta maneno makubwa. Alihitaji kulifuata hata lile neno dogo la Kilatini “in”, popote lilipoandikwa. Aliandika kadi 10,000 kwa mkono wake, akatambua kwamba maisha ya mtu mmoja hayatatosha. Ndipo akaenda kutafuta mashine. Mwaka 1949 alifika New York kwa mkuu wa kampuni ya IBM, Thomas Watson, akaomba msaada, akaupata. Huko Gallarate alifunza vijana, wengi wao wasichana, kutoboa kadi za mashine. Kazi ilichukua miaka 30 hivi, ikatoa vitabu vikubwa 56 vya maneno yote ya Mtakatifu Tomaso. Leo watu wengi humhesabu kuwa mmoja wa wa kwanza waliotumia kompyuta kwa kazi ya maneno.

Waona, ndugu msomaji? Hakuanza na mashine. Alianza na kadi 10,000 na mkono uliochoka. Haja yake ndiyo iliyomwonyesha chombo. Hata Mtakatifu Carlo Acutis, yule kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alijifunza kompyuta angali mtoto, lakini twamkumbuka kwa kuwa aliitumia kuwajulisha watu miujiza ya Ekaristi. Alijua anaitaka ya nini.

DAFTARI LA BINTI

Juma likaisha, binti akarudi na daftari limejaa. Kwenye zahanati, Sista alimwonyesha vitabu vya wagonjwa. Kila mwisho wa mwezi hukesha akijumlisha kwa kalamu: wagonjwa wa malaria wangapi, watoto wangapi, dawa zilizobaki ngapi. Akikosea mstari mmoja, huanza upya. Shuleni, mkuu alimwambia juu ya orodha za wanafunzi wa mtihani, na majina yanayoandikwa vibaya hata mtoto akapata taabu ya cheti. Parokiani, wachumba huja kuomba cheti cha ubatizo, na katekista hupekua vitabu nusu siku. Sokoni, watu wanataka barua, nakala na picha za kitambulisho. Fundi mmoja wa simu alihitaji msaidizi.

“Na kurasa za intaneti?” nikamwuliza. “Nani aliziomba?”

Akatabasamu kwa huzuni. “Hakuna hata mmoja, Baba mdogo.” Machozi yakamlengalenga. Sikumcheka. Nilimwambia kwamba kutengeneza programu ni kazi njema, na wako watu wa kwetu wanaoiweza. Lakini yataka miaka, yataka mashine yako mwenyewe, umeme na intaneti ya kila siku. Ukiwa na dola 180 tu utafika katikati ya mto na mtumbwi utakwisha. “Ndoto yako hatuikati,” nikasema. “Twaiweka kwenye ghala. Anza na kazi itakayokulisha, nayo ndiyo itakayokununulia kile kikubwa.”

Akafikiri usiku huo. Kesho yake akaweka alama kwenye la tatu.

MACHO NA MASIKIO

Lakini kulijua funzo hakutoshi; lazima kuijua na shule. Hapo sikutaka arudie kosa langu, tukapanda pikipiki kwenda Kasongo pamoja. Tulilala kwa shangazi yake, kisha tukatembelea shule mbili.

Kwenye ya kwanza, ukuta ulipakwa rangi safi na bango lilikuwa kubwa. Tukaomba kuona darasa wakati wa masomo. Wakatuambia haiwezekani, ila tunaweza kulipa leo na kupunguziwa bei. Tukaaga.

Ya pili ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka. Mashine sita kuukuu, wanafunzi kumi na wawili, betri za jua pembeni. Mwalimu hakuwa mtu wa maneno matamu. Tukamwuliza maswali yetu, nami nayaandika hapa yakufae wewe au mwanao.

Mashine ni ngapi, na wanafunzi ni wangapi? Kila mmoja atakaa mbele ya mashine saa ngapi kwa juma, mikono yake juu ya herufi? Umeme ukikosekana, saa zilizopotea zitafidiwa? Mwishoni mwanafunzi ataweza kufanya nini, si ataitwa nani? Ada yote ni kiasi gani, pamoja na karatasi, mtihani na cheti, na je, yaweza kulipwa kwa mafungu? Cheti kinatambuliwa na nani? Yuko wapi aliyemaliza mwaka jana, tukaongee naye? Na programu zenyewe, je, ni zile atakazozikuta kazini? Maana Sista hutumia Word na Excel kwa Kifaransa, na herufi za mashine zetu zimepangwa kwa namna ya Kifaransa. Akijifunzia penginepo kwa mpangilio mwingine, vidole vitapotea njia.

Mwalimu alijibu yote bila kukasirika. Mahali pengine alisema: “Hilo hatulifundishi.” Neno hilo lilinipendeza kuliko bango lote la wale wa kwanza. Kisha akamruhusu binti kukaa darasani asubuhi moja bila malipo. Alipotoka, vidole vyake vilikuwa vimeandika barua nzima.

Tulilipa dola 30 siku ile, na nyingine 30 baadaye. Iliyobaki ikawa ya chakula na njia, na akiba kidogo ikarudi katika kitambaa cha mama yake.

JEDWALI LA WAFANYAKAZI KUMI

Sasa binti amerudi. Asubuhi tatu kila juma hufanya kazi zahanatini kwa mashine ya Sista, na siku nyingine huandika orodha za shule. Malipo si makubwa, nami sitaki kumdanganya msomaji. Bado hana mashine yake. Lakini mama yake haendi tena sokoni siku ya Dominika, na hilo katika nyumba yetu ni jambo kubwa.

Mwezi wa kwanza alipomaliza ripoti, mashine ilitoa jumla kufumba na kufumbua. Sista akashangilia. Binti hakushangilia, aliuchukua ukurasa, akahesabu tena kwa kidole. Akaona kosa: aliandika 71 pahali pa 17. Mashine haidanganyi, wala haifikiri; hujumlisha kile ulichoiambia. Ukweli ni kazi ya mtu.

Jioni moja nilimpitia pale zahanatini, wengine wamekwisha ondoka. Nikamwambia: “Mwanangu, nifundishe jedwali la wafanyakazi kumi na mishahara yao.” Hakuuliza sababu, nadhani mama watoto alikwisha msimulia. Akanipisha kiti. Nilitafuta herufi moja moja, jasho likanitoka kama siku ile, naye akangoja bila kunyang’anya. Jua lilikuwa limezama nilipoandika mshahara wa kumi. Akanionyesha pa kubonyeza, nikabonyeza, jumla ikatokea.

Nilikaa kitambo nikiitazama. Kisha tukazima mashine, maana umeme wa betri ni wa friji ya chanjo kwanza, tukaenda nyumbani.

Basi, ndugu mzazi na wewe kijana, kompyuta ni chombo chema, na Mungu na asifiwe kwa akili aliyowapa wanadamu. Lakini kabla ya kulipa ada, keti kwanza. Uliza haja za jirani zako, uhesabu fedha yako, ukaione shule kwa macho yako. Mimi niliuza mbuzi sita ili nilijue neno hilo. Wewe nakupa bure.